Stata ya Skuta Inayogoma Mara Mojamoja: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Fundi

SWALI: Mpendwa Fundi, pokea salamu zangu. Ninamiliki skuta ndogo ya cc 125, ya kabureta, inayowashwa kwa kitufe au kwa kiki. Kwa miezi mitatu sasa stata yake imekuwa haitabiriki. Asubuhi moja injini huwaka kwa mguso wa kwanza wa kitufe, na asubuhi inayofuata nikibonyeza nasikia mlio mmoja tu, "ta", kisha kimya. Siku nyingine hata huo mlio hausikiki. Nikiachia na kubonyeza tena mara tano au sita, hukubali. Kwa kiki injini huwaka mara moja bila taabu, na taa zote zinang'aa vizuri. Nilinunua betri mpya, na kwa wiki nzima nikaamini ugonjwa umekwisha, lakini umerudi vilevile. Sasa fundi wangu anashauri nibadilishe stata nzima. Je, nikubali?

Msomaji aliyechoka kupiga kiki

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali bado. Inawezekana kweli stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ndiyo mbovu, nami nitaeleza hapa chini jinsi ya kulithibitisha hilo, lakini barua yako ina dalili kadhaa ambazo hazijasomwa, na dalili hizo zinaelekea kwingine.

Dalili ya kwanza ni kiki. Injini inayowaka kwa kiki moja ina mafuta, ina cheche na ina mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, kwa hiyo kabureta na plagi ziachwe zilivyo. Dalili ya pili, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni ile nafuu ya wiki moja baada ya kununua betri. Ili kuweka betri mpya, mtu alilazimika kufungua skrubu mbili za vichwa vya betri, kuondoa nyaya, kuzirudisha na kuzikaza upya. Ikiwa kulikuwa na kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu, kilipata nafuu siku hiyo kwa sababu kiliguswa, kisha mtikisiko wa safari ukakirudisha katika hali yake. Maelezo mengine yanayowezekana ni kwamba betri ilikuja na chaji, chaji hiyo ikatumika, na skuta haikuweza kuirudisha. Katika maelezo yote mawili stata haina kosa.

Dalili ya tatu ni kwamba siku nyingine unasikia mlio na siku nyingine husikii chochote. Hizi ni hali mbili tofauti, na ili kuzitofautisha ni lazima kwanza tufuate njia ambayo umeme unapita.

Katika skuta kuna njia mbili za umeme zinazohusika na kuwasha. Njia nyembamba ni ile ya amri: umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya breki na kitufe, na kazi yake ni moja tu, kuamsha koili ya rilei ya stata, yaani swichi inayofungwa na sumaku ya umeme. Njia nene ni ile ya kazi: umeme mwingi hutoka kwenye kichwa chanya cha betri kwa waya mnene, huvuka ndani ya rilei, huingia kwenye stata, kisha hurudi kwenye kichwa hasi cha betri kupitia chuma cha injini na waya wa ethi, yaani waya unaounganisha chuma hicho na upande wa hasi. Ule mlio wa "ta" ni wa rilei inapovutwa na sumaku yake. Ukiusikia, njia nyembamba imefanya kazi yake na hitilafu iko kwenye njia nene. Usipousikia, amri haikufika. Na kwa kuwa skuta yako hufanya yote mawili, ningeanza kutafuta mahali ambapo njia zote mbili zinapita pamoja, na mahali hapo ni vichwa vya betri na ethi yake.

Umeandika kwamba taa zinang'aa vizuri. Huu ndio ushahidi unaowapotosha watu wengi kuliko wowote, kwa sababu katika skuta nyingi taa kubwa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme injini inapokuwa imewaka, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu betri. Hata taa zinazotumia betri ni shahidi dhaifu. Balbu ya indiketa ya wati 10 huvuta umeme usiofikia ampea 1, ilhali stata inapoanza kuzungusha injini huvuta makumi ya ampea. Tuchukue kiungo chenye kutu chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita nyingi za kawaida haziwezi kukipima kwa uhakika. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, kwamba ampea zikizidishwa kwa omu hupatikana volti, ampea 1 ikipita hapo hupoteza volti 0.05, na jicho haliwezi kuona tofauti kwenye taa. Ampea 50 zikipita hapohapo hupotea volti 2.5, na stata iliyopaswa kupata volti 10 hubaki na saba na nusu. Kiungo ni kilekile, kutu ni ileile, lakini taa inang'aa na stata inakwama. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mfumo wa stata upimwe wakati kitufe kimebonyezwa, si wakati skuta imetulia.

Jaribio la kwanza halihitaji mita. Washa indiketa, ambayo hutumia umeme wa betri, kisha ubonyeze kitufe siku ambayo stata imegoma, huku ukiitazama taa hiyo kwa makini. Taa ikizimika kabisa papo hapo na rilei ikalia mara moja, kuna kiungo kinachokata karibu na betri, au betri yenyewe imekufa ndani. Rilei ikilia mfululizo kwa kasi, "ta-ta-ta-ta", volteji inaporomoka kila stata inapoguswa: rilei inavuta, volteji inashuka, koili inakosa nguvu na kuachia, volteji inapanda tena, na mzunguko unajirudia. Hiyo mara nyingi ni betri isiyo na chaji. Taa ikififia sana huku stata ikinguruma bila kuzunguka, umeme unafika lakini stata imebanwa, ama na injini ama na ubovu wa ndani yake. Na ikiwa rilei imelia, taa ikabaki inang'aa kama kwamba hakuna kilichotokea, basi umeme mwingi haukupita kabisa, na washukiwa ni migusano ya ndani ya rilei, waya mnene unaokwenda kwenye stata, brashi za kaboni au ethi ya injini.

Ninakuomba ulifanye jaribio hili kabla ya kugusa spana yoyote, kwa sababu hitilafu ya mara mojamoja ina tabia ya kutoweka mara tu kitu kinapotikiswa, na ukishaifukuza bila kuijua itarudi wakati usioutaka. Niliwahi kubadilisha stata nzima ya skuta ya mtu kwa kutoheshimu utaratibu huu. Iliwaka vizuri kwa siku kumi, ikagoma tena, na hatimaye nikakuta waya wa ethi umefungwa juu ya rangi ya fremu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa imeutikisa tu. Mwenye skuta alilipia kifaa ambacho hakukihitaji, na jambo hilo bado linaniuma.

Sasa tuje kwenye vichwa vya betri. Zima ufunguo, ondoa waya wa hasi kwanza na wa chanya baadaye, ili spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya pasitokee shoti. Vua pete na saa ya chuma. Angalia kama kuna unga mweupe au wa kijani, usugue kwa brashi ya waya au msasa hadi metali ing'ae kwenye betri na kwenye ncha ya waya. Betri ndogo za skuta zina kasoro moja ambayo wengi hawaitambui: nati ya mraba iliyo ndani ya kichwa cha betri huteremka chini, skrubu ikaishika kwa nyuzi mbili tatu tu, au skrubu ikawa ndefu mno ikagonga chini kabla ya kuubana waya. Mkono unahisi skrubu imekaza, kumbe ncha ya waya bado inacheza. Shika waya wenyewe na ujaribu kuuzungusha, ukizunguka, haujakaza. Kipande kidogo cha sponji au mpira chini ya nati huiinua na kuiweka mahali pake unapofunga. Ukimaliza, paka mafuta ya mgando kidogo juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa ili unyevu usiingie, kisha rudisha kifuniko cha mpira cha upande wa chanya.

Ethi iangaliwe kwa uangalifu uleule. Injini ya skuta haikufungwa moja kwa moja kwenye fremu kwa chuma juu ya chuma. Hubebwa na bushi za mpira ili mtetemo usimfikie mwendeshaji, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo waya unaounganisha injini na fremu, au injini na kichwa hasi cha betri, ndio unaobeba umeme wote wa stata unaporudi. Ukilegea, umeme hutafuta njia nyingine, wakati mwingine kupitia kebo ya akselereta au ya breki, ambayo hupata joto na kuharibika. Fungua skrubu yake, ukwangue rangi na kutu mpaka uone chuma, uifunge tena. Usisahau kwamba stata nayo haina waya wa hasi: mwili wake ndio hasi, na bolti mbili zinazoishika kwenye injini ndizo zinazokamilisha njia.

Baada ya hapo ndipo mita ya umeme inapoleta majibu yenye uhakika. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji, na chini ya 12 haifai kulaumiwa wala kusifiwa mpaka ichajiwe kikamilifu. Ichaji taratibu, kwa mkondo usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani karibu ampea 0.6 kwa betri ya ampea-saa 6, mahali penye hewa, mbali na moto na cheche. Ikishajaa na kupumzika, weka mita juu ya vichwa vyake na ubonyeze kitufe. Volteji itashuka, na ni haki yake kushuka, lakini isipite chini ya volti 9.6 hivi stata inapozunguka. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imetulia kisha ikaanguka hadi 6 au 7 chini ya mzigo imechoka ndani, hata kama ilinunuliwa juzi.

Betri ikifaulu, pima upotevu wa volteji njiani. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, juu ya risasi yenyewe na si juu ya ncha ya waya, na ncha nyeusi kwenye skrubu ya waya mnene pale stata. Kabla ya kubonyeza, mita itaonyesha takriban volti 12, kwa kuwa migusano ya rilei bado haijakutana, hilo lisikutishe. Kinachotafutwa ni namba utakayoiona kitufe kikiwa kimebonyezwa. Ikiwa nusu volti au pungufu, upande wa chanya ni mzima. Ikiwa volti 2 au 3, kuna mahali umeme unapotelea, nawe unaweza kupakamata kwa kusogeza ncha za mita hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi ncha ya waya, kutoka skrubu moja nene ya rilei hadi nyingine, kutoka rilei hadi stata. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa stata. Hapo hata volti 0.3 ni nyingi.

Kwenye rilei tafsiri ni nyepesi. Ikiwa imelia "ta" na mita iliyowekwa kwenye skrubu zake mbili nene bado inasoma volti 12, migusano yake ya ndani imeungua, na rilei hiyo ibadilishwe. Ikiwa namba imeshuka karibu na sifuri na stata haikuzunguka, rilei imetimiza wajibu wake, tuendelee mbele. Wapo wanaopitisha bisibisi kati ya skrubu hizo mbili ili kuruka rilei. Jaribio hilo hufanya kazi, lakini hutoa cheche kubwa na injini inaweza kuwaka ghafla. Kwa mtu mwenye mita sioni sababu ya kulifanya. Kwa asiye nayo, skuta iwe juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia, na pasiwe na harufu ya petroli karibu.

Zile siku ambazo husikii chochote zina orodha yake. Skuta nyingi zisizo na klachi ya mkono hazikubali kuwashwa mpaka breki ishikwe, na katika mifumo mingi umeme wa kuamsha rilei hutoka kwenye waya uleule unaowasha taa ya breki. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu taa ya breki inakuwa kipimo cha bure. Fungua ufunguo, shika breki ya kulia na utazame taa ya nyuma, kisha ya kushoto. Ikiwa breki moja inawasha taa na nyingine haiwashi, au inawasha ukiivuta kwa nguvu tu, swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa breki imechakaa au imejaa uchafu. Kama taa yako ya nyuma ni ya LED, fahamu kwamba LED huwaka hata kwa umeme kidogo sana, kwa hiyo kuwaka kwake si uthibitisho kamili, na ni bora upime kwa mita. Baadhi ya skuta zina pia swichi kwenye stendi ya pembeni inayokata umeme stendi ikiwa imeshushwa. Matope yakiingia humo, skuta huamini kwamba stendi iko chini hata ukiwa umeipandisha.

Kitufe chenyewe ni kifaa kidogo kinachopigwa na mvua, jua na vumbi mwaka mzima. Maelezo yako kwamba hukubali baada ya kubonyezwa mara tano au sita yanakihusu moja kwa moja, kwa kuwa kila mbonyezo husugua kidogo migusano yake mpaka pakapatikana mahali pasafi. Fungua nyumba yake kwa uangalifu, maana kuna springi ndogo inayopenda kuruka, safisha vishaba viwili vya ndani kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na karatasi laini, uache vikauke. Kishikio cha fyuzi nacho kiangaliwe: fyuzi inaweza kuwa nzima huku meno yanayoishika yamelegea au yameshika kutu.

Ikiwa yote hayo ni mazima na bado stata inagoma, sasa tuigeukie. Ndani ya stata kuna brashi za kaboni zinazosukumwa na springi zigusane na komyuteta, yaani lile duara la vipande vya shaba kwenye amecha, sehemu ya ndani inayozunguka. Kaboni huisha kwa msuguano, springi hupoteza nguvu, na unga wa kaboni hujaa kwenye mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba. Dalili zake ni mbili. Ya kwanza, stata iliyogoma hukubali ukiigonga polepole mwilini kwa mpini wa bisibisi wakati mtu mwingine amebonyeza kitufe, kwa sababu pigo hilo huirudisha brashi mahali pake. Ya pili ni stata kuwa na mahali palipokufa: inagoma, unasukuma kiki kidogo kwa mkono ili injini izunguke robo mzunguko, unabonyeza, inakubali. Hapo kuna kipande cha komyuteta kilichoungua au kukatika. Kugonga ni njia ya kutambua ugonjwa na kufika nyumbani, si matibabu, na kugonga kwa nguvu huweza kuvunja sumaku zilizogundishwa ndani.

Kuifungua si kazi ya kuogofya. Ukishaondoa waya wa hasi wa betri, ondoa waya mnene wa stata na bolti mbili, uitoe. Kabla ya kufungua skrubu ndefu zinazoshikilia vifuniko, chora mstari kwa kalamu kuvuka mwili na vifuniko vyote viwili, ili vikirudi virudi vilivyokuwa. Hesabu washa nyembamba, yaani pete bapa, zilizo kwenye ekseli na ukumbuke kila moja ilikaa upande gani. Linganisha urefu wa brashi na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha skuta. Kama huna kitabu, brashi iliyopungua hadi nusu ya urefu wa mpya ibadilishwe. Komyuteta isafishwe kwa msasa laini wa karatasi, namba 400 au zaidi, na mifereji yake izibuliwe kwa kitu chembamba kisichochimba shaba. Kisha pima kwa mita: kati ya vipande vya shaba umeme upite, na kati ya kipande chochote na ekseli usipite kabisa. Ukipita hadi kwenye ekseli, amecha imeungua na stata ibadilishwe, na hapo nitaungana na fundi wako. Usipopita, seti ya brashi na usafi wa saa moja huirudishia stata uhai, kwa gharama ndogo kuliko ya stata nzima.

Limebaki suala la kuchaji, ambalo barua yako haikulitaja. Kuwasha injini kwa sekunde 3 kwa ampea 50 hutumia takriban ampea-saa 0.04 tu, ambayo mkondo wa kuchaji wa ampea 1 huirudisha kwa dakika mbili na nusu. Kwa hiyo stata siyo inayomaliza betri ya skuta yenye afya. Inayoimaliza ni kutochajiwa: safari fupi mno za mwendo wa pole zenye breki na indiketa muda wote, regyuleta, yaani kidhibiti cha volteji ya kuchaji, iliyokufa, au umeme unaovuja skuta ikiwa imezimwa. Weka mita kwenye betri, washa injini, uongeze akselereta kiasi. Volteji ipande ifike kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12.5, betri yoyote utakayonunua itadumu wiki moja kama ile. Ikipita 15, regyuleta inaichemsha betri na ibadilishwe bila kuchelewa. Kipimo hiki kifanyike nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Kwa utaratibu wa barua yako, basi, ningeanza na vichwa vya betri, kisha ethi, kisha kipimo cha kuchaji, kisha kitufe na swichi za breki, na stata ningeifungua mwisho.

SWALI: Skuta yangu ya cc 50 haigomi, bali stata huzunguka kwa kasi na mlio mkali kama wa mashine ya kusaga, huku injini ikiwa imetulia. Mara nyingine hushika ghafla na injini ikawaka. Je, hii pia ni betri?

JIBU: Hapana, ingawa betri dhaifu inaweza kuchangia. Stata yako inapata umeme wa kutosha. Kinachokosekana ni kuunganishwa kwake na injini. Skuta nyingi za cc 50 hutumia bendeksi, gia ndogo inayoruka mbele stata inapozunguka, ikashika meno ya gia kubwa, kisha ikarudi injini inapowaka. Skuta nyingine hutumia klachi ya upande mmoja yenye rola na springi. Bendeksi iliyojaa unga wa mkanda unaoendesha gurudumu na grisi iliyokauka hushindwa kuruka. Fungua kifuniko cha mkanda, uitoe, uioshe, uangalie kama inateleza bila kukwama na kama meno yake hayajalika. Irudishe na kilainishi kidogo sana, au bila chochote iwapo kitabu cha skuta kinaagiza hivyo, kwa kuwa grisi nyingi huvuta unga upya na ikirukia mkanda huuharibu. Kwa klachi ya rola, springi zilizochoka au rola zilizolika hazisafishiki, hubadilishwa. Usiendelee kubonyeza ukisikia mlio huo, maana kila mara unakula meno ya gia kubwa, ambayo bei na kazi yake ni nzito kuliko ya bendeksi.

SWALI: Nimeachia kitufe, injini imewaka, lakini stata imeendelea kuzunguka. Nimezima ufunguo na bado inazunguka! Nilifanya kosa gani?

JIBU: Hukufanya kosa. Migusano ya ndani ya rilei imeungua ikashikana, kwa hiyo njia nene imebaki imeunganika na ufunguo hauna mamlaka juu yake. Ondoa waya wa hasi wa betri mara moja, kwa spana yenye mpini uliofunikwa, na uuweke kando usije ukagusa betri tena. Kuigonga rilei hadi iachie kisha kuendelea kuitumia ni hatari, kwani itashikana tena, na stata na waya vitaungua. Weka rilei mpya. Kisha pima betri kwa njia niliyoeleza katika jibu la kwanza, kwa sababu rilei nyingi hushikana baada ya muda mrefu wa ule mlio wa "ta-ta-ta" unaosababishwa na chaji ndogo: kila mlio ni cheche, na cheche ndizo zinazoyeyusha migusano.

SWALI: Je, naweza kuamsha skuta yenye betri iliyoisha kwa kutumia betri ya gari?

JIBU: Unaweza, ikiwa zote mbili ni za volti 12 na betri ya skuta ni ya kawaida ya risasi na asidi. Stata haitalazimishiwa ampea za gari, bali itavuta kile inachohitaji tu. Sharti kubwa ni kwamba injini ya gari iwe imezimwa, kwa sababu altaneta yake, yaani jenereta inayochaji betri ya gari, inaweza kusukuma mkondo mkubwa mno ndani ya betri ndogo iliyo tupu, ikachemka. Unganisha chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya gari kwenye chuma kisafi cha injini ya skuta, mbali na betri. Injini ikishawaka, ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume. Betri ya lithiamu usiiunganishe namna hiyo. Itolewe na ichajiwe kwa chaja yake. Na ikiwa skuta yako ina kiki, mateke machache yatakuondolea haja ya nyaya hizo, kisha betri uichaji siku hiyohiyo utakapofika.